Mkurugenzi anataka fedha za matangi zilipe mishahara, na ripoti naisaini mimi

Binti_Nkuhungu:

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kufanya kazi kwenye asasi.

Nipo Dodoma, asasi yetu ni ndogo, tupo watumishi saba. Mimi naandika maandiko ya miradi na, fedha ikipatikana, naisimamia mpaka ripoti ya mwisho. Mradi wetu mkubwa ulitegemea fedha za Marekani. Januari 2025 misaada iliposimamishwa tuliambiwa tusubiri siku 90, na Julai USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa. Sasa ni Novemba, na huu ni mwezi wa tatu hatujalipwa.

Umebaki mradi mmoja, matangi ya kuvuna maji ya mvua kwenye shule mbili za msingi wilayani Bahi. Mfadhili ni mwingine kabisa. Fungu la matangi lina milioni 18 benki. Wiki iliyopita mkurugenzi aliniita, akasema tuzitumie kwa mishahara, andiko nililopeleka Septemba likipita tutazirudisha. Kwenye ripoti ya robo mwaka niandike ujenzi unaendelea.

Jumanne nilikwenda kule. Msingi wa mawe umeshajengwa, na mawe na mchanga wamesomba wazazi. Mama mmoja wa kamati alinionyesha daftari lake: jina la kila aliyeleta mchanga, siku, na ndoo ngapi. Akaniuliza, "Mwanangu, tangi litawahi mvua?" Nikamjibu litawahi. Mvua zetu mnazijua, Desemba hadi Aprili, zikipita basi mpaka mwakani.

Mkurugenzi si mwizi, tafadhali msimtukane. Kazi hii amenifundisha yeye. Lakini saini ni yangu. Nifanyeje?

Mzee wa Leja:

Binti yangu, nimekagua hesabu za asasi miaka mingi. Usisaini.

Mkaguzi hana haja ya kukushuku. Ataomba vocha ya malipo, risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ya tangi na hati ya kupokelea mzigo. Ukikosa hivyo vitatu, milioni 18 zinaingia kwenye matumizi yasiyokubalika na asasi inadaiwa. Halafu hilo la "andiko likipita" ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu fedha mpya nayo itakuja na mafungu yake. Utalipa deni la matangi kutoka fungu gani? Nimeona asasi zinahamisha shimo hilo mradi hadi mradi mpaka zinafunga ofisi.

Fungua mkataba, tafuta kipengele cha mabadiliko ya bajeti. Mingi inaruhusu kuhamisha kiasi kidogo kati ya mafungu. Kikizidi hapo unaandika barua na kusubiri jibu la maandishi kabla ya kugusa shilingi. Na kumbuka kanuni za asasi za 2018: ufadhili unaozidi milioni 20, mkataba unawasilishwa kwa Msajili wa asasi na Hazina. Kama wenu unafika huko, bajeti ya matangi haipo kwenye kabati lenu tu.

Baba Wawili:

Mzee nakuheshimu, ila kumwambia akatae na kuishia hapo ni kumgombanisha na wenzake. Miezi mitatu bila mshahara ni kodi ya nyumba na ada. Dada, waombe wafadhili wa matangi walipie muda wa wanaoufanyia kazi mradi huo: wewe, msimamizi wa ujenzi, dereva. Ambatanisha jedwali la saa za kila mmoja. Hilo ni ombi halali.

Mwandishi wa Kati:

Naunga mkono. Nina swali dada: andiko la matangi lilikuwa na fungu la gharama za uendeshaji? Nahisi uliliacha ili bajeti ionekane nyepesi. Wengi wetu tumefanya hivyo, na matokeo yake ni haya. Kodi ya ofisi, umeme na mhasibu ni gharama za kweli. Hata Serikali ya Marekani, kuanzia Oktoba 2024, ilipandisha kiwango cha uendeshaji kwa asasi ambazo hazijakubaliana nayo kiwango chao wenyewe, kutoka asilimia 10 hadi 15. Usipoomba, hakuna atakayekukumbusha.

Na wakija na wazo la kukulipa asilimia ya fedha utakayoleta badala ya mshahara, kataa. Wafadhili hawalitaki, na litakufanya uandike ahadi zisizobebeka.

Binti_Nkuhungu:

Asanteni sana. Mzee wa Leja, shikamoo.

Ni kweli, uendeshaji sikuuweka. Mkataba unaruhusu kuhamisha asilimia 10 ya fungu, zaidi ya hapo ni kwa kibali. Leo asubuhi nimempelekea mkurugenzi barua ya kuomba muda wa watumishi watatu ulipiwe kutoka bakaa la fungu la mafunzo, matangi yasiguswe. Aliisoma mara mbili, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniomba kalamu. Amesaini, nimeituma saa sita.

Jibu la mfadhili bado. Ila oda ya matangi imeshakwenda dukani, na jioni hii nimempigia yule mama.