Miaka 48, damu haikatiki: koili ya homoni itanifaa?

Mama wa Langoni, Lamu
Assalam aleikum dada zangu. Mwezi wangu umekuwa wa fujo: unaruka, ukirudi unakuja kwa mabonge. Nikivuka Mokowe kwa boti navaa pedi mbili na leso ndani ya buibui, na bado nikiinuka natazama kwanza nilipokaa. Nimepimwa, damu imepungua, hemoglobini iko 8. Daktari anataka niweke koili ya homoni. Ujanani niliweka ile ya shaba ikanizidishia damu, ndiyo maana nasita. Na ikinitonyatonya, swala zangu je?

Nesi Malindi
Waaleikum salaam dadangu. Hizo ni koili mbili mbali mbali. Ya shaba haina homoni, na kuzidisha hedhi ndiyo kasoro yake. Hii, wengi waijua kwa jina la Mirena, ina miligramu 52 za homoni iitwayo levonojestreli. Huachia kidogo kidogo mle mle kizazini, utando wa ndani ukawa mwembamba, basi cha kumwagika hupungua. Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo matone ni kawaida, usikimbilie kuitoa. Baadaye wengine hukatika kabisa. Lakini joto la usiku haliondoi, usije ukailaumu bure.

Umechukuliwa kipande cha utando kikapimwe? Damu nyingi kuanzia miaka 45 haifai kuzibwa kabla ya kujua inatoka na nini. Na kwa hiyo 8, anza vidonge vya madini ya chuma sasa. Usivimeze na chai, najua Lamu mnavyopenda chai.

Bi Shela
Mimi ninayo. Kuwekwa kuliuma kama uchungu wa kuzaa ulioanza ukaghairi, kwa hivyo meza dawa ya maumivu mapema. Kuhusu swala, kwetu Mashafii damu ikipita siku 15 ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi: waoga, wajifunga vizuri, na kila wakati wa swala ukiingia watia udhu upya. Matone ya kabla ya hapo muulize ustadha wako, hesabu yake ina mambo.

Mama wa Langoni, Lamu
Kipande bado. Altrasaundi walisema kuna uvimbe mdogo. Utazuia?

Nesi Malindi
Inategemea umekaa wapi. Ukiwa kwenye nyama ya nje, mara nyingi hauna neno. Ukiwa umesukuma ndani ya kizazi, koili yaweza kutoka yenyewe. Mpelekee daktari picha na maandishi yake, umuulize hilo kabla hujapanda kitandani.