Kijiti kina miezi saba, matone hayakatiki. Nihamie njia gani?

FundiCherehani:
Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Mimi ni fundi cherehani, nipo Tanga, Makorora. Nina miaka 31 na watoto wawili, wa mwisho ana miaka mitatu. Nataka apate mdogo wake akishaanza darasa la kwanza, si kabla. Shida ni kwamba kila njia ya uzazi wa mpango ninayoshika inanigeuka.

Nilianza na sindano ya miezi mitatu. Hedhi ikapotea kabisa, hilo sikulijali, ila mwili ukaumuka. Kazi yangu ni kupima watu kwa futi, kwa hiyo sidanganyiki: kiuno kilikuwa inchi 30, ndani ya mwaka kikafika 34. Nikaacha.

Nikahamia vidonge vya majira, nikameza miezi minne. Kichwa kikawa kinagonga upande mmoja, na kabla hakijaanza naona vimulimuli, mistari inameta machoni kama zari, hata uzi siwezi kuutunga. Halafu niseme ukweli, mume wangu ni dereva wa lori. Akielekea Lubumbashi ni wiki tatu, mwezi mwingine simwoni kabisa. Kumeza kidonge kila usiku kwa ajili ya mtu aliye kwenye foleni Tunduma, niliona kama nalipia pango la nyumba nisiyolala.

Ndipo nikawekewa kijiti mkononi chini ya ngozi, kile kimoja cha miaka mitatu. Huu mwezi wa saba. Damu si nyingi, ni matone, lakini matone yasiyo na adabu: siku kumi yapo, mbili hayapo, yanarudi. Ramadhani yote sikujua nimefunga au sijafunga. Ustadhi akanieleza habari ya istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, nijisafishe, nitawadhe kwa kila sala na niendelee. Nimeelewa, ila moyo hautulii. Na baba watoto akirudi anauliza hali ya hewa kabla hajavua viatu.

Nilikwenda kukitoa nikaambiwa, "Vumilia mama, dawa bado ina miaka miwili na zaidi." Nikarudi kama mtoto aliyerudishwa ada.

Ipi ina usumbufu mdogo? Rafiki yangu ananisukuma kwenye lupu, ile inayowekwa ndani ya kizazi. Jirani anaapa lupu hupanda mpaka moyoni.

BintiKisauni:
Shoga, huyo jirani asikutie kiwewe. Mie niko Mombasa, huku twaiita koili. Niliwekewa 2018 baada ya mtoto wa tatu. Sikudanganyi, miezi mitatu ya kwanza ilinitesa: tumbo lanikata, siku zangu zilizokuwa nne zikawa saba, pakiti moja ya pedi haifiki popote. Nikataka itolewe. Mamangu akanambia ngoja hadi Idi. Idi ilipofika ishatulia, nami nikaisahau. Uzito ni ule ule. Bwanangu alilalama uzi wamchoma, nikarudi wakaupunguza, yakaisha.

Mzee_wa_Barabara:
Dada, mimi niko Tunduma hivi ninavyoandika, gari haijasogea tangu asubuhi. Kama jamaa yuko nyumbani siku nne kwa mwezi, kondomu pakiti mbili zinatosha na hakuna anayevuja damu. Mwili wako ubebe dawa siku 30 kwa kazi ya siku nne?

FundiCherehani:
Kaka, nilimwambia. Akanijibu yeye hali pipi na ganda lake. Ukimwona hapo kwenye foleni msalimie.

Nesi_wa_Kliniki:
Nimesoma mara mbili. Nipo kliniki ya uzazi wa mpango mwaka wa 11 sasa. Kabla ya lupu turudi kwenye vile vimulimuli, maana hapo ndipo niliposimama.

Kichwa cha upande mmoja kinachotanguliwa na mistari inayometa ni kipandauso cha aina ambayo haipatani na vidonge vya mchanganyiko. Vina homoni ya estrojeni, na kwa mtu mwenye dalili hizo vinaongeza hatari ya kiharusi. Kwa hiyo hivyo usivirudie. Na hapa uwe makini: mtu akilalamikia matone ya kijiti, mara nyingi tunampa vidonge hivyo hivyo kukausha damu. Wewe ukipewa, taja vimulimuli kwanza. Kijiti na sindano havina estrojeni, hivyo katazo hilo halivihusu.

Damu yenyewe haitoki kwenye kidonda wala si uchafu uliorundikana. Homoni ya kijiti hufanya utando wa ndani ya kizazi uwe mwembamba na dhaifu, unamomonyoka kidogo kidogo, leo hapa kesho pale. Kuna dawa za jamii ya ibuprofeni za siku tano zinazoweza kuituliza, kama huna vidonda vya tumbo, ila mara nyingi inarudi. Wengine hutulia wenyewe, wengine hawatulii. Kukitoa ni haki yako siku yoyote, hata kama kiliwekwa jana. Ukizungushwa tena, omba kuonana na mganga mfawidhi. Usiache pengo lakini, kijiti kikitoka uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Sindano ndiyo huchelewesha, wapo wanaongoja karibu mwaka.

Lupu ya shaba haina homoni, basi kiuno chako na kichwa chako haitavigusa, na inakaa miaka 10. Ubaya wake uko kwenye hedhi, huiongeza, hasa miezi ya mwanzo, kama alivyosema dada wa Mombasa. Ndiyo maana nauliza: kabla ya sindano, vidonge na kijiti, hedhi yako ilikuwaje? Kama ni nyingi yenye mabonge, nisingekushauri. Inaweza pia kuchomoka yenyewe miezi ya mwanzo. Kutoboa kizazi wakati wa kuwekwa hutokea mara chache sana, labda hadithi ya jirani ilianzia hapo ikapanda ngazi hadi moyoni. Ipo na lupu yenye homoni inayopunguza hedhi, ila matone ya mwanzo yapo, na si kila kituo wanayo.

La mwisho, unisamehe: lupu haikingi maambukizi ya zinaa, na ikiwekwa ukiwa na kisonono au klamidia unaweza kuumwa vibaya. Pima kwanza. Mzee wa Barabara asinune.

Mzee_wa_Barabara:
Sijanuna. Nimetazama pembeni tu.

FundiCherehani:
Dada nesi, siku nne, ya tano kivuli tu. Ndivyo nilivyokuwa tangu nivunje ungo, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Vimulimuli nilivitaja kwa mdomo wangu huu, nikajibiwa ni macho kuchoshwa na cherehani.

Kupima nitapima, naye akirudi atapima. Akikataa, ganda la pipi litamhusu.

Naenda Alhamisi, kijiti kitoke, lupu iingie. Sasa swali la kijinga: kijiti kiko mkono wa kushoto, na nina magauni sita ya harusi ya Jumamosi. Nitaweza kushona?

Nesi_wa_Kliniki:
Si la kijinga. Wanakata kidogo tu kwa ganzi. Mkono utauma na kuvilia, bandeji isilowe siku mbili tatu, na ndoo usibebe upande huo. Kabla ya lupu watahakikisha huna mimba na watatazama mlango wa kizazi, damu ya muda mrefu haiachwi bila kuangaliwa. Usiku tumbo litakata kama hedhi.

Cherehani utaikalia. Ila ningekuwa wewe, magauni yangeisha Jumatano.