Tupeane uzoefu: sindano za akupancha na maumivu ya fibromialjia

Ndugu zangu, naomba sisi tunaoishi na fibromialjia, ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima, ambao tumewahi kuchomwa sindano za akupancha, ile tiba ya jadi ya Kichina, tuelezane yaliyotupata bila kufichana: ulichomwa mara ngapi, nafuu ilianza lini, na hasa ilidumu kwa muda gani.

Naanza na yangu. Niliumwa miaka mitano kabla ya kuambiwa jina la ugonjwa, kwa kuwa vipimo vya damu na eksirei havikuonyesha kitu, na baadhi ya jamaa walikwisha kusema kwamba najidekeza. Mwaka jana nilihudhuria vipindi vinane, kimoja kila wiki. Sindano zenyewe ni nyembamba mno na hazina dawa ndani. Zilipoingia nilihisi uzito unaosambaa polepole kuliko uchungu. Baada ya kipindi cha nne nililala usiku kucha, na mabega yakalegea kiasi cha kuweza kumsuka binti yangu nywele, kazi niliyokuwa nimeiacha kabisa. Wiki sita baada ya kumaliza, maumivu yalirudi.

Nilihuzunika sana, hadi niliposoma mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 9 yenye washiriki 395. Nafuu ilidumu hadi mwezi mmoja, lakini ilipofika miezi sita haikuwapo tena. Sindano zilizopitishiwa umeme mdogo zilileta nafuu zaidi ya zile za mkono peke yake. Na kwa jumla sindano halisi hazikuzishinda zile za kuigiza, ambazo mgonjwa hudhani ni tiba halisi kumbe sivyo. Hilo la mwisho linaniuma, kwa sababu usingizi nilioupata ulikuwa usingizi wa kweli.

Mchangiaji wa pili: Pole sana, dada. Mimi niko Uingereza, ambako mwongozo wa mwaka 2021 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huku, unaruhusu mkupuo mmoja wa akupancha kwa maumivu sugu ya aina yetu. Kwangu nafuu ilikaa miezi mitatu, nami naamini ni kwa sababu niliitumia kuanza kutembea kila jioni, jambo ambalo awali mwili ulilikataa.

Mchangiaji wa tatu: Natumia dawa ya kuzuia damu isigande, na sikumweleza mtoa tiba. Nilivilia damu mapajani kwa wiki mbili. Mwelezeni dawa zote mnazotumia kabla hajafungua pakiti ya sindano.