Turbo Pascal 7 kwenye Windows ya biti 64

Mwalimu, Bukavu: Ndugu zangu, programu ya kujumlisha alama za wanafunzi, niliyoiandika kwa Turbo Pascal 7 (zana ya zamani ya kuandikia programu za DOS), haifunguki kwenye kompyuta mpya. Nifanyeje?

Jibu, Goma: Mwalimu, Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16 kama hiyo yako. Weka DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya zamani ya DOS, andika mount c c:\tp, kisha c:, kisha cd bin, ndipo uandike turbo.

Jibu, Lubumbashi: Ni sahihi, lakini DOSBox ya kawaida haichapishi kwenye printa, na bulletini (ripoti za alama za wanafunzi) lazima zitoke kwenye karatasi. Kwa hiyo ningeikompaili upya (kuigeuza tena kuwa programu inayoendeshwa na Windows ya sasa) kwa Free Pascal, kikompaila cha bure cha Pascal, nikitumia chaguo la -Mtp linalofuata kanuni za Turbo Pascal.

Mwalimu: Asanteni sana. Nimeweka DOSBox, na skrini ya buluu ya Turbo Pascal imerudi. Kesho nitajaribu Free Pascal.