Mafundi wa shaba: yule mchezaji wa Alexandria walimmwagaje?

FundiKatuba
Jambo wandugu. Mimi namwaga shaba huku Katuba, Lubumbashi. Kazi yangu ni tembo, vichwa vya akina mama na misalaba ya Katanga ya kuuzia wageni. Sasa mteja kaniletea picha kwenye simu: sanamu ya mwanamke anacheza ngoma, bronzi, urefu sentimita 20.5, iko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Inasemekana alitoka Alexandria, Misri ya enzi za Wagiriki, miaka mia mbili na kitu kabla ya Kristo. "Papa, nitengenezee kama huyu." Kusema ni rahisi!

Amejifunika gubigubi, usoni shela, macho tu ndiyo yanaonekana. Mkono wa kulia uko ndani ya shuka, unaivuta mpaka inakaza mwilini, na mikunjo ya gauni la chini inajichora juu ya shuka. Nguo mbili, moja juu ya nyingine, zote shaba! Chini kachomoza ncha ya kiatu. Mwili wote unazunguka. Ukimtazama upande mmoja hujamwona.

Mimi nikijaribu vitu vyembamba hivyo, shaba inagandia njiani, vidole havitoki, halafu matundu kila mahali. Wao walifanyaje?

Mzee wa Kalibu
Fundi, wewe unayeyusha nyaya za umeme, sivyo? Shaba tupu inataka digrii 1085, inatiririka kwa uvivu, na inameza hewa. Ikiganda inaitapika, ndiyo hayo matundu. Tia bati, ile inayotoka kwenye jiwe la kasiteriti kama la Manono, sehemu moja kwa kumi, ndiyo inakuwa bronzi. Joto linashuka, nayo inakimbia mpaka kwenye kucha.

Tena acha kalibu ya mchanga. Ile mikunjo ina vificho vinavyoingia ndani, ukichomoa mfano unabomoa kalibu. Chonga kwa nta ya nyuki, kisu chenye moto kidogo, kisha funika udongo uchome. Nta inatoka yenyewe, hakuna cha kuchomoa. Uweke na njia za hewa, hasa kwenye kiwiko.

Mwalimu, Kampemba
Mwonyeshe mteja na wengine. Mwaka 1907 wapiga mbizi wa sifongo walikuta meli iliyozama karibu na Mahdia, Tunisia. Ndani mlikuwa na mbilikimo wa bronzi wanaocheza, kama sentimita 30 hivi. Wako jumba la makumbusho la Bardo, Tunis. Paris kuna kijana Mwafrika wa bronzi, mwanamuziki, aliyeokotwa Chalon-sur-Saône, Ufaransa: kiuno kimepinda, mikono inapiga chombo ambacho kimepotea. Mimi huyo ndiye namwona bora kuliko wote. Chombo hakipo, lakini unajua yuko katikati ya wimbo.

Misri yenyewe ilipenda wachezaji zamani zaidi. Mfalme Pepi wa Pili, akiwa bado mtoto, alimwandikia Harkhuf, mkuu wa misafara yake, amletee mchezaji mfupi kutoka kusini, na usiku akaguliwe mara kumi! Barua hiyo imechongwa kaburini Aswan.

Kijana wa Ruashi
Mara kumi? Basi huyo mchezaji hakulala.

FundiKatuba
Aksanti wakubwa. Nta ninayo, wauza asali wananiletea. Bati nitatafuta. Ila shela nitaitoa: mteja anataka sura ya mke wake. Na nimemwambia alipe nusu kabla sijawasha moto.