Likizo kwenye meli kubwa ya kitalii na watoto watatu plus mama mkwe, naombeni ushauri

MamaWatatu
Habari zenu wapendwa. Mimi na mume wangu tumejichanga miaka miwili kwa ajili ya likizo ya familia, sasa yeye ameng'ang'ania twende na zile meli kubwa za kitalii, siku saba baharini. Watoto ni watatu, wa kwanza ana miaka 11, wa pili 6, na kitindamimba ana mwaka na nusu bado yuko kwenye pampasi. Halafu tunaenda na mama mkwe, ambaye hata kwenye basi lazima akae mbele na mfuko mkononi. Nimeangalia kabini nimechanganyikiwa, kuna za ndani, za dirisha, za baraza, deki ya chini, deki ya juu, sijui nishike ipi. Mume wangu anasema ukishalipa tiketi umemaliza kila kitu kimo humo humo, mimi hapo ndio roho haitulii. Waliowahi kwenda nisaidieni, na kama ni kitu cha kuachana nacho semeni tu, sitanuna.

Nanga_Juu
Dada anza na mama mkwe, maana akishikwa na kichefuchefu siku ya kwanza hiyo likizo imewaishia wote. Watu wanakimbilia deki za juu kwa ajili ya kuangalia bahari, ila meli ikiyumba ni kama ubao wa watoto wa kubembea, ncha ndio zinapanda na kushuka, katikati panatulia. Wahenga walisema enda tezi na omo marejeo ni ngamani (tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni tumboni mwake chini), basi kwenye kabini usiichukulie kama methali, ichukulie kama ilivyo 😂 mtafutie katikati ya meli, deki za chini, na iwe na dirisha kwa sababu mtu wa kichefuchefu anatakiwa auone mstari wa bahari unapokutana na mbingu. Hizi meli zina mapezi yanachomoza ubavuni chini ya maji kupunguza kuyumba kwa hiyo siku nyingi hata hatajua kama mnatembea, lakini bahari ikichafuka inachafuka. Vidonge ameze kabla, sio akishaanza kutapika, na kama ana dawa zake nyingine za kila siku aulize kwanza kwa daktari wake.

Kingine, kabla hujalipa fungua ramani ya deki uone juu ya kabini yenu kuna nini. Sisi tulipata katikati kabisa tukajiona wajanja, kumbe juu yetu ni pembeni ya bwawa la kuogelea, kila alfajiri viti vinaburuzwa krrrr, krrrr, kimoja baada ya kingine, mke wangu akavihesabu mpaka 40 akakata tamaa. Tafuta kabini ambayo juu ni kabini na chini ni kabini.

Kibubu
Shemeji kakudanganya, mwambie kwa heshima lakini mwambie. Tiketi kwa kawaida inabeba malazi, chakula cha kwenye migahawa mikuu na maonyesho mengi. Soda na vinywaji vya baa mara nyingi mbali, intaneti mbali, migahawa maalum mbali, kutembezwa mkishuka bandarini mbali. Halafu kuna bahshishi ya wahudumu ambayo makampuni mengi wanaikata kwa kila kichwa kwa kila siku, na mtoto naye mara nyingi anahesabiwa kichwa, sasa zidisha vichwa vyenu kwa usiku saba uone. Ndani hamtumii hela mkononi, ni kadi tu, unagonga unaenda zako, ndio maana watu wanashtuka asubuhi ya kushuka. Mimi nilikuwa naenda kaunta kila jioni kuuliza deni limefika wapi, wakanizoea mpaka wakawa wananiona kwa mbali wanacheka.

Na simu zote ziwekeni hali ya ndege mkishaondoka bandarini. Meli ina mtandao wake wa simu unaopita setilaiti, simu ikijishika yenyewe huko bili yake utailipa ukiwa umeshasahau likizo.

Mama Pacha
Wote mmeruka la pampasi. Mamii, mtoto wa pampasi kwenye meli nyingi haruhusiwi kuingia bwawani, hata umvalishe zile za kuogelea, ni sheria za afya sio roho mbaya. Meli chache zina kisehemu chao cha maji ya kurusharusha, ulizia. Na zile klabu za watoto za bure nyingi zinaanzia miaka 3 na awe ameshaacha pampasi, kwa hiyo huyo mdogo mtakuwa naye mgongoni muda wote labda mkute chumba cha kulelea cha kulipia. Huyo wa miaka 6 ndio atafaidi, wangu walikuwa wanalia nikienda kuwachukua.

Wa miaka 11 kubalianeni mapema mnakutana wapi na saa ngapi. Meli ya Icon of the Seas iliyoanza kusafiri 2024 ina deki 20 na inabeba abiria mpaka 7,600, hapo ukimpotezea mtoto macho dakika mbili utamtafuta. Na mikono waoshe kwa sabuni na maji, ile dawa ya kupaka peke yake haitoshi kwa virusi vya kuharisha, na kwenye meli mmoja akianza mnafuatana.

Gati_Namba_Mbili
Mimi naongezea la saa. Meli inaweza kubaki na saa yake hata kama bandarini ni saa nyingine. Simu yangu ilijibadilisha yenyewe ikarudi nyuma saa nzima, sisi tunajua bado mapema tunapiga picha, mke wangu akaangalia saa yake ya mkononi akanyamaza. Alivyonyamaza tu nikajua. Tulikimbia gati lote, mtoto begani, watu wamejazana kwenye baraza za kabini huko juu wanapiga makofi na kutushuti video, tukaingia ngazi inaondolewa. Kiatu kimoja cha mwanangu kilibaki huko. Mkitembezwa na ziara ya meli yenyewe mkichelewa wanawasubiri, mkijiendea wenyewe haisubiri mtu.

Na zoezi la dharura msilikwepe hata kama watoto wanalia njaa. Meli ya kitalii ya Costa Concordia ilipogonga mwamba kule kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012 wakafa watu 32, kuna abiria walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo na hawajafanya zoezi lolote. Siku hizi linafanyika kabla meli haijaondoka au ikishaondoka tu.

MamaWatatu
Jamani asanteni sana. Nimemsomea mume wangu la bahshishi amekaa kimya kama yule mke wa gati 😂 Mama mkwe naye amesikia la ngamani kasema yeye hatalala chini ya maji, mtamzika. Kaka Nanga_Juu, deki ya chini dirisha linakuwa juu ya maji au?

Nanga_Juu
Juu kabisa dada. Mwambie mama atayaona mawimbi kwa chini, na kabini zote za abiria zenye dirisha la bahari ziko hivyo. Akigoma basi deki ya 6 au 7, ila katikati msiachie.