Supu ya kombe: ya maziwa, ya nyanya, ya miso au ya tangawizi?

MpishiWaZamu
Wakuu, habari za jikoni. Nataka supu ya kombe ya watu sita na nimebaki na nne: nyeupe ya maziwa ya New England (kaskazini-mashariki mwa Marekani), nyekundu ya nyanya ya Manhattan (New York), ya miso (rojo la soya lililochachushwa) ya Kijapani, na ya tangawizi ya Ufilipino. Sokoni kuna kombe wadogo wa ganda jembamba na wakubwa wa ganda nene. Supu ipi inamfaa yupi, na huwa zinaharibikia wapi?

Bi Sufuria
Chagua kombe kwanza, supu ifuate. Mkubwa wa ganda nene (Wamarekani humwita quahog) nyama yake ni ngumu, humli mzima. Huyo ni wa supu za Marekani, ambako hukatwakatwa. Mdogo huachwa na ganda lake kwenye bakuli, basi mpeleke Japani au Ufilipino.

Nyeupe ya watu sita: kombe wakubwa kilo 2, viazi nusu kilo vya vipande vya sentimita moja, kitunguu kikubwa kimoja, siagi vijiko viwili vikubwa, maziwa nusu lita, krimu mililita 200. Fukiza kombe kwa vikombe viwili vya maji, sufuria imefunikwa, na kila anayefunguka mtoe papo hapo. Maji yaliyobaki ndiyo supu yenyewe, usiyamwage! Yachuje kwa kitambaa na uache kijiko cha mwisho chini, mchanga umelala hapo. Kaanga kitunguu kwa siagi bila kukiacha kiwe kahawia, tia viazi na maji ya kombe, chemsha hadi viazi viive. Ponda vichache ubavuni mwa sufuria ili supu iwe nzito bila unga. Punguza moto, mimina maziwa na krimu vilivyopashwa, na nyama iliyokatwa iingie dakika mbili za mwisho.

Kosa kubwa ni kuichemsha baada ya maziwa kuingia: yanakatika na supu inakuwa na chembechembe. Kosa la pili ni chumvi ya mapema. Maji ya kombe tayari yana bahari ndani yake, onja mwisho. Asili yake huanza na mafuta ya nguruwe wa chumvi. Asiyekula, siagi inatosha kabisa.

Nyanya Mbivu
Watu wa New England wanaidharau nyekundu kupita kiasi. Mwaka 1939 Cleveland Sleeper, mbunge wa jimbo la Maine, alipeleka muswada wa kupiga marufuku nyanya kwenye supu ya kombe! Mimi naitetea, hasa kwa nchi za joto: ni nyepesi, na ikipashwa tena kesho yake haikatiki kwa kuwa haina maziwa.

Kosa lake ni moja, nyanya kuingia mapema. Uchachu wake unazuia viazi kulainika. Utachemsha nusu saa na kiini bado kigumu. Viazi, karoti na figili (celery) vichemke kwenye maji ya kombe dakika 10 kwanza, ndipo nyanya 400 gramu zifuate. Ila usijaribu kuunganisha nyanya na maziwa sufuria moja.

Na msisahau ya Rhode Island, jimbo la New England: viazi, kitunguu, kombe na maji yake, basi. Kama kombe wako si wazuri, hiyo itawaumbua.

Ukwaju
Kwa kombe wadogo, miso ndiyo ya haraka kuliko zote. Gramu 600 za kombe kwenye maji baridi lita moja na robo, washa moto wa wastani. Kuanzia baridi kunawapa muda wa kutoa utamu wao majini. Toa povu, wakifunguka zima moto, ndipo uyeyushe miso vijiko vikubwa vinne kupitia chujio. Miso ikichemka harufu yake inapotea. Chumvi usiweke hata chembe.

Wajapani wana nyingine safi kabisa, ya kombe wa hamaguri, inayopikwa tarehe 3 Machi kwenye sikukuu ya wasichana. Maganda mawili ya hamaguri hayalingani na ya mwingine yeyote, ndiyo maana huchukuliwa kama dua ya ndoa njema.

Mlonge
Ya Ufilipino ndiyo iliyo karibu zaidi na jiko letu, maana majani yake ni mlonge. Kaanga kitunguu, vitunguu saumu na tangawizi ya urefu wa kidole iliyokatwa nyembamba. Tia kombe kilo moja, koroga, mimina lita moja na nusu ya maji yaliyooshea mchele (ya pili, si ya kwanza yenye vumbi). Wakifunguka, tupia mlonge konzi mbili na uzime baada ya dakika moja. Ukizidisha, majani yanakuwa machungu.

MpishiWaZamu
Nimeelewa. Na mchanga je? Na tui la nazi linaweza kushika nafasi ya maziwa?

Bi Sufuria
Mchanga: gramu 30 hadi 35 za chumvi kwa lita ya maji, kombe wamelazwa juu ya chujio ili wasiunyonye tena, wamefunikwa gizani saa mbili au tatu. Maji ya bomba yasiyo na chumvi yanawaua. Kisha bana kila mmoja kwa kidole gumba, ukisukuma ganda pembeni: lililojaa tope litateleza na kufunguka. Hilo moja linaharibu sufuria nzima. Aliye wazi na hafungi ukimgonga, mtupe.

Tui ndiyo, pwani kombe wa nazi ni chakula cha siku zote. Viazi viive kwa tui jepesi, tui zito liingie mwisho huku unakoroga, bila kifuniko. Ndimu ikamuliwe bakulini, si sufuriani, maana tui nalo hukatika.

Ukwaju
Nyongeza ya usalama: uliza walikookotwa. Karibu na mifereji ya maji machafu, acha. Na panapotangazwa sumu ya mwani baharini, hata uchemshe saa nzima sumu ile haitoki kwa moto.